Kuchagua kompresa ya bei nafuu ya kupigia rangi gari

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kompresa huanza na swali hili: ya lita ngapi? Anamaanisha tangi. Muuzaji naye humjibu kwa tangi na hp (nguvu za farasi za mota), maana ndivyo vilivyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Karibuni nimemsindikiza kijana anayefungua gereji Mbagala, Dar, kununua ya kwanza, na utaratibu tuliofuata ndio huu. Kama uko Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa, hatua ya 4 isome mara mbili.

Hatua ya 1: Anza na bunduki

Jua kwanza bunduki yako ya kupulizia rangi inakula upepo kiasi gani. Imeandikwa kwenye boksi, kwa lita kwa dakika au kwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika (CFM 1 ni lita 28 hivi). Nyingi za HVLP (upepo mwingi, presha ndogo) hutaka lita 280 hadi 400. Za LVLP (upepo kidogo, presha ndogo) hutosheka na lita 110 hadi 220. Mwenye pesa kidogo namshauri LVLP bila kusita: kwenye paa na boneti utaenda taratibu zaidi, lakini rangi inalala vizuri na hulazimiki kununua kompresa kubwa.

Hatua ya 2: Hesabu lita kwa dakika

Namba iliyoandikwa kwenye kompresa za bei ya chini kwa kawaida ni upepo ambao pampu inavuta, siyo unaotoka. Chukulia utapata kama theluthi mbili yake. Ile ya hp 2 yenye tangi la lita 50, ambayo mota imeshikana moja kwa moja na pampu, huandikwa lita 200 hivi. Wewe utapata 130.

Sasa piga hesabu. Tangi la lita 50 likishuka kutoka baa 8 hadi 3 (baa ni kipimo cha presha) linatoa lita 250 za upepo. Bunduki inakula 300 kwa dakika, pampu inarudisha 130, unapungukiwa na 170. Dakika moja na nusu, presha imekwisha. Mlango utaumaliza. Paa hulimalizi: klia (tabaka la juu la kung'arisha, lisilo na rangi) itaanza kutoka kwa matone makubwa ukiwa katikati, na hapo huwezi kusimama usubiri tangi lijae.

Kwa bei nafuu mimi nachagua hp 3 ambayo mota inazungusha pampu kwa mkanda, silinda 2 za chuma, tangi la lita 100. Pampu yake inazunguka taratibu, haichemki haraka, na mkanda, pete za pistoni na valvu zake zinapatikana. Zile zisizotumia mafuta siziungi mkono kwa kazi ya gari zima. Na kompresa ya friji iliyogeuzwa ibaki kwenye matairi. Upepo wake ni mdogo mno na inatema mafuta.

Hatua ya 3: Ipime palepale dukani

Iwashwe ijae. Fungua koki mpaka geji ishuke chini ya baa 6 na mota iwake, funga, kisha kwa saa ya simu pima sekunde kutoka baa 6 hadi 8. Zidisha lita za tangi kwa 2, gawanya kwa sekunde, zidisha kwa 60. Tangi la lita 100 likitumia sekunde 55, unapata lita 218 kwa dakika. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na bunduki yako. Muuzaji akikataa kuwasha, nenda duka la pili. Mitaa ya Gerezani na Kariakoo, Dar, yapo mengi.

Kwa mtumba, fungua koki ya chini ya tangi. Yakitoka maji yenye magamba ya kutu, liache. Lenye kiraka cha kuchomelea usilisogelee: likipasuka linaua.

Hatua ya 4: Maji

Hapa ndipo rangi nyingi za pwani zinapoharibikia. Kwenye nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita ya ujazo ya hewa ina gramu 24 hivi za maji. Ukipiga kwa lita 300 kwa dakika saa nzima, umevuta mita za ujazo 18, yaani zaidi ya gramu 400 za maji. Upepo ukibanwa kisha ukapoa, sehemu kubwa ya maji hayo inatoka, kama bilauri ya maji baridi inavyotoka jasho. Usipoyapangia pa kutokea, yatatokea kwenye boneti ya mteja.

Wengi hufunga chujio la maji hapohapo kwenye mdomo wa kompresa. Haisaidii sana, hata chujio liwe la bei gani. Pale upepo bado ni wa moto na maji ni mvuke. Chujio hukamata matone, mvuke unapita. Unapoa mbele kwenye mpira, unageuka maji, na unatokea kwenye bunduki. Kile kichujio kidogo cha kufunga kwenye mkono wa bunduki ni cha kumalizia tu, usikitegemee peke yake.

Upepo upoe kwanza, ndipo uchujwe:

- Toka kwenye kompresa kwa mpira mfupi, maana mtikisiko hulegeza viungo, kisha pitisha upepo kwenye bomba la chuma ukutani, mita 6 au zaidi.
- Bomba liwe na mteremko kidogo kuelekea kwenye koki ya kumwagia maji.
- Tawi la kwenda kwenye bunduki litoke upande wa juu wa bomba. Likitoka chini, litachota maji yote.
- Chujio na regulata (kifaa cha kurekebisha presha) vikae mwisho, karibu na unaposimama kupiga rangi.
- Bomba la plastiki la maji ya nyumbani usilitumie kabisa. Likipasuka kwa upepo, vipande vinaruka kwa nguvu.

Kama huna ukuta, kunja bomba la shaba la mita kadhaa, lizamishe kwenye ndoo ya maji, upepo upite humo kabla ya chujio. Inafanya kazi vizuri sana kwa gharama yake. Mwaga maji ya tangi kila asubuhi na kila kabla ya koti (tabaka) la rangi. Siku ya mvua, klia isubiri.

Kijana wa Mbagala alitaka kuongeza pesa achukue tangi la lita 150. Nilimwambia pesa hiyo aiweke kwenye bomba na chujio, na ushauri huo nampa yeyote.

Hatua ya 5: Umeme

Hp 3 ni wati 2,200 hivi, na inapowaka inavuta mara kadhaa zaidi. Waya mrefu mwembamba wa kuunganishia huunguza mota. Weka kompresa karibu na soketi, urefu uongeze kwenye mpira wa upepo, wenye tundu la milimita 10. Iwe nje ya chumba cha rangi: mvuke wa thina na cheche za swichi havikai pamoja.

Hatua ya 6: Kabla ya kuchanganya rangi

Vuta kifyatuo mpaka mwisho, ndipo usome geji. HVLP nyingi hutaka baa 2 hivi pale kwenye mkono. Kisha puliza upepo mtupu kwenye kioo kisafi kwa dakika nzima. Ukiona tone la maji au utando wa mafuta, rudi hatua ya 4.