Namna ya Kuufuatilia Msimu wa Futiboli ya Chuo Kikuu: Mfano wa Ohio State ya 2024

Mtu aliyezoea ligi ya soka, ambamo timu hucheza mechi zaidi ya 30 na kipigo kimoja husahaulika baada ya wiki mbili, huona ugumu anapoanza kufuatilia futiboli ya vyuo vikuu ya Marekani. Huko msimu wa kawaida una mechi 12 tu, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba, na kila Jumamosi inaweza kuamua hatima ya timu. Njia ninayoipendekeza ni kuchagua timu moja na kuifuata tangu ratiba yake inapotangazwa. Hapa nitatumia Chuo Kikuu cha Ohio State katika msimu wa 2024, kwa sababu timu hiyo ilifungwa mara mbili na bado ikawa bingwa wa taifa, na anayeelewa jinsi hilo lilivyowezekana ameuelewa mchezo wenyewe kwa sehemu kubwa.

Kanuni za lazima ni chache. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, na ikifaulu hupewa manne mengine. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huleta pointi 6, na pointi ya ziada kwa teke linalofuata. Teke la kupitisha mpira katikati ya nguzo kutoka uwanjani huleta pointi 3.

Anza na ratiba, na uweke alama kwenye mechi ngumu kabla msimu haujaanza. Ohio State ilifungua kwa kuifunga Akron 52-6 na Western Michigan 56-0, matokeo ambayo hayakumwambia mtazamaji jambo lolote kuhusu ubora wake. Mechi za kupimia zilikuwa safari za Oregon na Penn State, pambano la nyumbani na Indiana, na mchezo wa mwisho dhidi ya Michigan, watani wa jadi waliokutana nao mara ya kwanza mwaka 1897. Kwa msomaji aliye Afrika Mashariki, mechi inayoanza adhuhuri huko Ohio huonekana saa 1 jioni, lakini baada ya Wamarekani kurudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba huwa saa 2 usiku.

Kisha chunguza kikosi, hasa wachezaji waliohamia kutoka vyuo vingine. Kwotabeki Will Howard, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, alitoka Kansas State; mkimbiaji Quinshon Judkins alitoka Ole Miss; na mlinzi Caleb Downs alitoka Alabama.

Wakati wa mechi, macho ya mgeni humfuata mwenye mpira, na hilo naliona kuwa kosa kubwa kuliko yote. Watazame wale watu watano wakubwa wanaosimama mbele ya kwotabeki, kwa maana wao ndio wanaompa muda wa kurusha na ndio wanaomfungulia mkimbiaji njia. Katika mechi ya Oregon, iliyochezwa Oktoba 12 na kuisha kwa Ohio State kufungwa 32-31, hasara nzito haikuwa ile pointi moja bali jeraha la Josh Simmons, mchezaji wa upande wa kushoto wa safu hiyo ya watu watano. Ilibidi Donovan Jackson ahamishwe kutoka nafasi yake ili kuliziba pengo. Mwezi uliofuata, Seth McLaughlin, aliyecheza katikati ya safu, naye akaumia. Ndiyo maana ushindi wa 38-15 dhidi ya Indiana, iliyokuwa haijafungwa hata mara moja, ulistahili sifa kubwa, na ndiyo maana pia mpango wa Novemba 30 ulikuwa mbaya: mbele ya mashabiki wao, Ohio State waliendelea kukimbia na mpira katikati, mahali ambapo Michigan walikuwa na nguvu zaidi, wakafungwa 13-10. Kilikuwa kipigo cha nne mfululizo kutoka kwa Michigan, na mashabiki wengi walimkasirikia kocha mkuu Ryan Day.

Usiufunge msimu hapo. Kuanzia Novemba, fuatilia orodha ya kila Jumanne ya kamati ya watu 13 inayopanga timu kwa ubora, kwa kuwa orodha hiyo ndiyo huamua nani anaingia katika mtoano wa kumpata bingwa wa taifa, na mwaka huo mtoano ulipanuliwa kutoka timu 4 hadi 12. Kamati iliiweka Ohio State ya sita, lakini ikaingia mtoano katika nafasi ya nane kwa sababu nafasi nne za juu zilitengewa mabingwa wa ligi, yaani makundi ambamo vyuo hugawanywa.

Sasa linganisha timu ya Desemba na ile ya Novemba. Ohio State iliacha ukaidi wa kukimbia na mpira katikati, ikamtumia zaidi Jeremiah Smith, mpokeaji wa mwaka wa kwanza chuoni, ikaifunga Tennessee 42-17, kisha ikaongoza 34-0 dhidi ya Oregon ileile kabla ya kushinda 41-21. Dhidi ya Texas, iliyokuwa imefika karibu kabisa na kusawazisha, Jack Sawyer alimpokonya kwotabeki mpira na kukimbia nao yadi 83, na mechi ikaisha 28-14. Fainali ilichezwa Atlanta Januari 20, 2025, ambapo Notre Dame ilifungwa 34-23.

Kazi ya mwisho ni kuandika nani anaondoka na nani anabaki. Wachezaji 14 wa Ohio State walichaguliwa na timu za kulipwa mwaka 2025, na makocha wa ulinzi na mashambulizi, Jim Knowles na Chip Kelly, walikwenda kwingine. Smith na Downs walibaki. Hakiki pia kanuni za mtoano, kwa kuwa kuanzia msimu wa 2025 nafasi nne za juu hutolewa kwa kufuata orodha ya kamati, bila kutengewa mabingwa wa ligi.