Jinsi ya kutuma makala kwenye jarida la chuo kikuu cha elimu isirudi hata kabla haijasomwa

Makala yangu ya kwanza ilirudi baada ya siku mbili, haijafika kwa mhakiki hata mmoja. Nilikuwa nimechukua sura ya nne ya tasnifu, kurasa 41, nikabadilisha kichwa cha habari nikatuma ivoivo. Iliniuma sana. Miaka ya baadae nikaja kusaidia kazi za uhariri kwenye jarida la elimu, ndo nikaona makosa yaleyale yakiingia kila wiki kutoka kwa walimu wazuri kabisa wenye data nzuri kabisa, na mengi yanazuilika kwa siku moja ya maandalizi. Kwa iyo ntaenda nayo taratibu.

Hatua ya 1: chagua jarida kwa kusoma matoleo yake

Vyuo vikuu vya elimu mara nyingi havina jarida moja, unakuta kitivo cha sayansi kina lake, lugha lao, elimu maalumu lao, uongozi wa shule nao lao. Usiishie kwenye ule ukurasa wa kujitambulisha maana hapo wote wanasema wanapokea kila kitu kuhusu elimu. Fungua matoleo mawili ya mwisho, soma ikisiri zote (ule muhtasari mfupi wa mwanzo wa kila makala), halafu jiulize: hawa wanachapisha tafiti za darasani, za sera, au mijadala ya nadharia? Kama kwenye makala 16 hakuna hata moja iliyoingia darasani na wewe yako ni ya darasani, tafuta jingine.

Angalia pia toleo la mwisho ni la lini. Majarida haya mengi yanaendeshwa na wahadhiri wenye vipindi na wanafunzi wa kusimamia, jarida linaweza kuahidi matoleo mawili kwa mwaka na bado likawa nyuma. Sio kosa la kulikimbia, ila kama unahitaji makala itoke kabla ya kupandishwa cheo waandikie mhariri imeili uulize foleni ikoje.

Hatua ya 2: hakikisha jarida ni la kweli

Kuna matapeli wanatengeneza tovuti yenye jina la jarida halisi na nembo ya chuo. Ingia kupitia tovuti ya chuo chenyewe, usipitie linki uliyotumiwa kwenye imeili. Kisha chukua ISSN, ile namba ya tarakimu 8 ya kutambulisha jarida, uitafute kwenye tovuti ya ISSN uone jina linalotokea ni lilelile.

Hata kabla ya kuitafuta unaweza kuipima kwa karatasi. Tuchukue 0378-5955. Tarakimu saba za mwanzo unazizidisha kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2 kwa mfuatano, unapata 0 + 21 + 42 + 40 + 20 + 27 + 10, jumla 160. Gawa kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11 unapata 5, na tarakimu ya mwisho kweli ni 5. Ikitoka 10 wanaweka X, na kama hakibaki kitu ya mwisho inakuwa 0. Namba isiyokubali hesabu hii imeandikwa vibaya au imebuniwa, lakini ikikubali bado katafute jina maana tapeli anaweza kuazima namba ya jarida jingine.

DOAJ, orodha ya majarida ya bure kusoma iliyoanza 2003, inasaidia, na kwa mambo ya elimu kuna ERIC, hazina ya mtandaoni ya tafiti za elimu. Jarida kukosekana huko sio ushahidi kwamba ni feki. Kuhusu hela, ada ya uchapishaji ipo kihalali kwenye majarida mengine ila lazima iwe imeandikwa wazi kabla hujatuma. Ukipata barua ya kukubaliwa siku ya tatu pamoja na ankara, usilipe.

Hatua ya 3: kata tasnifu iwe makala

Hapa ndo kazi ilipo, jipe wiki mbili. Tasnifu ina maswali manne, makala inabeba moja. Chagua swali ambalo jibu lake lingembadilisha mwalimu kesho asubuhi, mengine weka kiporo, ni makala nyingine hizo. Mapitio ya maandiko ya kurasa 30 yanakuwa kurasa mbili au tatu, unabakiza zile tafiti tu unazobishana nazo au unazoziendeleza. Jedwali la umri na jinsia za washiriki likiwa halijibu swali, sentensi moja inatosha.

Ikisiri iandike mwisho. Angalia hii, aina ninayokutana nayo kila mara: "Utafiti huu ulichunguza changamoto za ufundishaji wa kusoma. Matokeo yalijadiliwa na mapendekezo yalitolewa." Msomaji hajapata kitu. Sasa hii, namba ni za mfano tu: "Tulikaa nyuma ya madarasa 12 kwa wiki sita tukipima muda ambao mtoto anasoma mwenyewe. Katika kipindi cha dakika 40 ulikuwa wastani wa dakika 7, muda mwingi ukienda kwenye kunakili ubaoni." Mhariri akisoma hiyo anajua nini kimefanyika, wapi, na kimeonekana nini.

Hatua ya 4: ficha jina lako vizuri

Majarida mengi ya elimu wanahakiki bila mhakiki kumjua mwandishi. Kufuta jina kwenye ukurasa wa kwanza hakutoshi, jina linabaki ndani ya faili: kwenye Word bonyeza File, halafu Info, halafu Check for Issues, halafu Inspect Document ulifute. Shukrani ziweke faili la pembeni. Sentensi kama "katika utafiti wangu wa awali" ibadilishe, na jina la shule unayofundisha usilitaje.

Kibali cha maadili usikiache. Kama uliwatafiti wanafunzi wako mwenyewe eleza wazi wazazi waliridhia vipi na mtoto alikuwa na njia gani ya kukataa bila kuogopa maksi zake, kwa sababu mtoto hana nguvu sawa na mwalimu wake na wahakiki wa elimu hilo wanaliangalia kweli, na wako sahihi.

Hatua ya 5: marejeo

Wengi wanatumia APA toleo la 7, ni mtindo wa kuandika marejeo. Kila mwandishi uliyemtaja ndani ya makala awemo kwenye orodha ya marejeo, na kinyume chake. Mji wa mchapishaji hauandikwi tena.

Hatua ya 6: kutuma

Majarida mengi ya vyuo yanatumia OJS, programu ya bure ya Public Knowledge Project, ndo maana yanafanana. Ukijua moja umejua yote. Fungua akaunti, weka namba yako ya ORCID, ile ya kumtambulisha mtafiti, ya tarakimu 16 (ni bure), tiki masharti, pakia faili, jaza kichwa, ikisiri na maneno muhimu. Waandishi wenza waongeze wote hapohapo kwenye fomu, akisahaulika mmoja jina lake linakosekana hadi kwenye kumbukumbu za DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni. Na tuma jarida moja kwa wakati mmoja.

Hatua ya 7: komenti zikirudi

Miezi mitatu ikipita kimya, ulizia kwa heshima. Komenti zikija zisome, zifunge, zijibu kesho yake. Tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mhakiki, ulichofanya, ukurasa gani. Mfano: "Sampuli haijaelezwa" / "Nimeongeza aya ya namna madarasa yalivyochaguliwa" / "uk. 6". Usipokubaliana naye sema, na toa sababu kutoka kwenye data yako.

Ukitumiwa prufu ya mwisho, yaani nakala ya makala kama itakavyochapishwa, kagua majina, majedwali na namba moja moja, maana ikishachapishwa kosa halifutwi kimyakimya, linatolewa tangazo la masahihisho ambalo linabaki na makala yako siku zote.