Kabla ya Kununua Kipuri: Namna ya Kuamua Kama Kompyuta Yako ya Mezani Inastahili Kuongezewa Uwezo

Kompyuta ya mezani ina fadhila moja ambayo kompyuta mpakato nyingi za leo hazina: unaweza kulifungua kasha lake kwa bisibisi, ukatoa kilichochoka na kuweka kilicho imara. Urahisi huo ndio unaowafanya watu wengi wanunue kipuri kabla hawajajua ni nini hasa kinachoichelewesha mashine. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, huongezwa kwenye mashine yenye tatizo la diski, kadi ya michoro hununuliwa na kukutwa ni ndefu kuliko kasha, na prosesa (ubongo wa kompyuta) mpya hufika nyumbani ikagundulika kwamba haikai kwenye soketi iliyopo. Kazi ya kukaza skurubu ni ndogo. Kazi kubwa ni kuamua, na uamuzi huo huanza kwa kupima.

Andika kwanza lalamiko lako kwa maneno mahususi. Kusema kwamba kompyuta ni nzito hakutoshi, kwa kuwa uzito una vyanzo vingi na kila chanzo kina kipuri chake. Mashine inayochukua dakika nne kuwaka, kisha ikaenda vizuri, haina ugonjwa sawa na ile inayowaka upesi lakini ikaanza kusuasua ukishafungua kurasa ishirini za kivinjari. Ile inayozimika ghafla katikati ya mchezo huenda haina tatizo la kasi hata kidogo, bali ina joto lililozidi au pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha) iliyochoka. Na ikiwa tovuti ndizo zinazochelewa, ilhali mafaili yaliyomo ndani ya kompyuta yanafunguka mara moja, basi tatizo liko kwenye intaneti, wala hakuna kipuri cha ndani ya kasha kitakachokusaidia.

Ukishalijua lalamiko, ifanye ile kazi inayokuudhi huku ukiitazama mashine inavyohangaika. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha nenda sehemu ya Performance, ambako utaona prosesa, RAM, diski na kadi ya michoro, kila kimoja na grafu yake. Shemeji yangu alikuwa amekwisha kuazimia kununua prosesa mpya nilipomwomba tuitazame kwanza sehemu hiyo. Tuliizima kompyuta, tukaiwasha, tukafungua Task Manager na kukaa kimya mbele ya skrini. Prosesa ilikuwa ikicheza kati ya asilimia 6 na 12, RAM ilikuwa imejaa nusu tu, lakini diski ilikuwa imegota kwenye asilimia 100 na ikabaki hapo kwa zaidi ya dakika tano. Prosesa aliyotaka kuibadilisha ilikuwa imekaa bure, ikisubiri diski iilishe data. Alinunua SSD (diski isiyozunguka, inayohifadhi data kwenye chipu) peke yake, na prosesa ileile anaitumia hadi leo.

Grafu hizo zina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kwamba RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya data yake kwenye diski, hivyo utaona diski imeelemewa wakati kiini cha tatizo ni RAM; ukikuta vyote viwili viko juu kwa wakati mmoja, na RAM imepita asilimia 90, ishughulikie RAM kwanza. Mtego wa pili unaihusu prosesa. Programu nyingi hutumia kiini kimoja tu cha prosesa, na kwenye mashine yenye nyuzi 8 za uchakataji (njia za kazi ambazo prosesa huziendesha kwa wakati mmoja), uzi mmoja uliojaa kabisa huonekana kama asilimia 12 au 13 ya jumla, kiasi kwamba mtu hudhani prosesa imepumzika. Bofya grafu hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague ioneshe kila uzi peke yake. Kadi ya michoro kufika asilimia 99 wakati wa mchezo si hitilafu. Maana yake ni kwamba yenyewe ndiyo inayoamua kasi ya mchezo huo, na ukitaka kasi zaidi, ndiyo ya kubadilishwa.

Vipimo hivyo visikupeleke dukani moja kwa moja, kwa sababu kuna uwezo ambao tayari umeulipia na hauutumii. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani hujilinda joto linapokaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi kwa kupunguza kasi yake zenyewe, na chanzo cha joto hilo mara nyingi ni vumbi tu. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha fungua kasha na uliangalie feni la prosesa. Nimewahi kukuta chini ya feni tabaka la vumbi lililoshikana kama kitambaa, ambalo lilitoka vipande vizima kwa brashi laini ya rangi. Unapopuliza vumbi, lizuie feni kwa kidole lisizunguke, maana likizungushwa kwa nguvu linaweza kuharibika. Ikiwa joto bado liko juu baada ya kusafisha, pasta iliyo kati ya prosesa na kipoozi chake huenda imekauka, na kuipaka upya ni gharama ndogo mno ukilinganisha na prosesa mpya.

Uwezo mwingine uliofichika uko ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. RAM iliyoandikwa kasi ya 3200 huenda inakwenda kwa 2133 au 2400 kwa sababu hakuna aliyewasha mpangilio unaoitwa XMP. Vilevile, kipande kimoja cha RAM hufanya kazi kwa njia moja, ilhali vipande viwili vilivyowekwa kwenye nafasi zilizooneshwa na kijitabu cha ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote) hufanya kazi kwa njia mbili, na data hupita kwa wingi zaidi. Punguza pia programu zinazojiwasha zenyewe, hakikisha diski haijajaa hadi ukingoni, na uisake mashine kama ina programu hasidi.

Kabla hujaendelea, pima afya ya diski kwa programu kama CrystalDiskInfo. Ikikuonya kwamba diski ina maeneo mengi yaliyoharibika na kuhamishwa, suala la kasi liweke kando na unakili picha na nyaraka zako siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye vipuri vyenyewe. Kwa kompyuta ambayo bado inaendesha mfumo wake kutoka kwenye diski ya kuzunguka, sisiti kusema kwamba SSD ndiyo badiliko la kwanza, na mara nyingi ndilo la mwisho linalohitajika. Sababu iko katika umbo la diski yenyewe. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kila inapotafuta faili dogo, kichwa chake cha kusomea hulazimika kusogea na kungoja sahani izunguke mpaka data ifike chini yake, jambo linalochukua takriban milisekunde kumi au zaidi. SSD haina kinachosogea, hivyo hujibu ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde moja. Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo, na milisekunde hizo zikijumlishwa ndizo zile dakika unazongoja asubuhi.

Katika uchaguzi wa SSD usibabaishwe na tarakimu kubwa. SSD ya SATA, muunganisho wa zamani, hufikia kama megabaiti 550 kwa sekunde, ya NVMe (aina mpya zaidi inayopitia njia ya data ya haraka iitwayo PCIe) kwenye PCIe 3.0 hufikia kama 3,500, na ya PCIe 4.0 hukaribia 7,000 au zaidi kidogo. Lakini mtu anayeandika barua, kutazama video na kutumia kivinjari hataona tofauti kubwa kati ya hizo tatu, kama atakavyoona tofauti kati ya yoyote kati yake na diski ya kuzunguka. La kuangalia zaidi ni mahali pa kuichomeka. Tundu la M.2, lile jembamba la kuchomekea SSD kwenye ubao mama, linaweza kukubali NVMe, SATA, au zote mbili, na umbo la nje halikwambii ni lipi, hivyo soma kijitabu cha ubao wako. Mashine ya zamani isiyo na M.2 itumie SSD ya SATA ya inchi 2.5, na diski ya zamani, ikiwa bado nzima, ibaki kuwa ghala la picha na video.

Kwa RAM, gigabaiti 8 zinatosha kwa kazi nyepesi, 16 zinampa nafasi mtu mwenye kurasa nyingi na programu kadhaa, na 32 ni za anayehariri video au kuendesha mifumo pepe (kompyuta ndani ya kompyuta). Ukiwa na Windows ya biti 32 hutafaidi chochote kupita gigabaiti 4, hata ukijaza nafasi zote. Vizazi vya RAM haviingiliani: DDR3, DDR4 na DDR5 kila kimoja kina pengo lake mahali tofauti kwenye ukingo wenye miguu, na kipande kisichokaa chenyewe kisilazimishwe. Programu ya CPU-Z itakuonesha kizazi ulicho nacho bila kufungua kasha. Vipande vya kasi tofauti vikichanganywa, vyote hufuata kasi ya kile cha polepole.

Kadi ya michoro inataka hesabu ya umeme. Tundu la PCIe hutoa wati 75 tu. Waya wa pini 6 huongeza 75 na wa pini 8 huongeza 150. Kadi isiyo na tundu la waya wa ziada itafanya kazi karibu kwenye kompyuta yoyote yenye nafasi, lakini ile kubwa inaweza kukulazimu kununua na pawa saplai. Pima urefu wa nafasi iliyopo ndani ya kasha kwa rula, na uangalie kama pawa saplai yako ina viunganishi vya kawaida, kwa sababu baadhi ya kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi zina viunganishi vya pekee. Pawa saplai ni mahali ambapo sishauri kubana matumizi hata kidogo, kwani mbovu ikifa inaweza kufa na vipuri vingine. Wala usiifungue: ndani yake kuna kapasita zinazobaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa.

Prosesa ndiyo yenye masharti mengi kuliko vyote. Jina la soketi pekee halitoshi. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na 7 hutumia soketi ya LGA1151, na za kizazi cha 8 na 9 vilevile, lakini bao mama za makundi hayo mawili hazikutengenezwa zibadilishane prosesa. Kinyume chake, bao nyingi za AMD zenye soketi ya AM4 zilizonunuliwa miaka ya mwanzo ya Ryzen zinaweza kupokea hata Ryzen za mfululizo wa 5000, mradi BIOS isasishwe kwanza. Isasishe wakati prosesa ya zamani bado iko mahali pake, maana ukishaitoa huenda ubao usiwake na mpya. Angalia orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao. Ikiwa yako tayari ni miongoni mwa zenye nguvu kwenye orodha hiyo, njia imefikia kikomo.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika, kwa kuwa ubao mama mpya mara nyingi hudai prosesa mpya na RAM ya kizazi kipya, na vitu hivyo vitatu kwa pamoja ni kompyuta nyingine iliyovaa kasha la zamani. Mimi hutumia kanuni hii: kipuri kimoja au viwili vinavyoondoa kikwazo ulichokipima, nunua; ubao mama ukiingia kwenye orodha ya manunuzi, linganisha jumla yote na bei ya kompyuta nzima iliyo mpya zaidi, hata iliyotumika. Pima pia kama kipuri kitahamia kwenye mashine ijayo. SSD, kadi ya michoro na pawa saplai nzuri huhama, hivyo fedha yake haipotei. RAM ya DDR3 haihami.

Swali la mfumo nalo linaweza kuamua kila kitu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kitengo cha usalama), Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), gigabaiti 4 za RAM, gigabaiti 64 za diski, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8 isipokuwa chache. Ukiambiwa mashine haina TPM, ingia BIOS kwanza, kwani mara nyingi ipo ila imezimwa, ikiitwa PTT kwenye Intel au fTPM kwenye AMD. Ikiwa prosesa yenyewe ndiyo isiyokubalika, usitumie fedha nyingi kwenye mashine hiyo kwa ajili ya Windows. SSD na RAM kidogo pamoja na Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, vinaweza kuipa miaka mingine ya kazi.

Ukishaamua kununua, tengeneza nakala rudufu, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data kwa ufunguo, hifadhi ufunguo wake wa kurejeshea nje ya kompyuta kabla hujagusa BIOS au ubao. Piga picha nyaya zilivyokaa, na uguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Badilisha kipuri kimoja kwa wakati mmoja, kisha rudi Task Manager na uifanye ileile kazi iliyokuudhi mwanzoni, ukilinganisha na namba ulizoziona mara ya kwanza. Kama lalamiko limekwisha, ahirisha kipuri cha pili hata kama ulikuwa umekipangia fedha. Na kama halijakwisha, rudisha ulichonunua wakati muda wa kurudisha haujapita, uanze tena kupima.