Namna ya kuchambua kanji: mfano wa moto na mlima

Kanji ni herufi za Kichina zinazotumiwa kuandika Kijapani. Kwa mwanafunzi aliye Goma, mji wa Kongo ulio chini ya volkano ya Nyiragongo, neno linalofaa kuanza nalo ni 火山, yaani volkano, kwa kuwa limeundwa kwa 火, moto, na 山, mlima, na mji mzima unafahamu tangu Januari 2002 na Mei 2021 maana ya moto unaotoka mlimani.

Tafuta kwanza umbo la kale la kila kanji. Maandishi ya Kichina ya kale zaidi tunayoweza kuyasoma yalichongwa kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe katika enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Humo 山 ni vilele vitatu vilivyosimama juu ya msingi mmoja, na 火 ni ndimi za moto zinazopanda juu. Michoro hiyo miwili ilifanana mno, hata mara nyingine msomaji hutegemea maneno ya jirani ili aitofautishe. Jambo hilo linanivutia sana, maana linatufundisha kutoliamini jicho peke yake.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila kanji ni picha. Nyingi zina sehemu mbili, moja ya kudokeza maana na nyingine ya kudokeza sauti. Shaba, kwa mfano, huandikwa 銅: upande wa kushoto ni 金, alama ya madini, na upande wa kulia ni 同, inayotoa sauti dō.

Hatua inayofuata ni matamshi, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Wajapani walipopokea herufi hizi walichukua pia sauti za Kichina, lakini hawakuyaacha maneno yao wenyewe. Ndiyo sababu 火 husomwa ka kwa asili ya Kichina na hi kwa asili ya Kijapani, na 山 husomwa san na yama. Zikiungana, kwa kawaida sauti za Kichina ndizo zinazotawala, nasi tunapata kazan, ambapo san imegeuka zan. Kila moja ikisimama peke yake, tunasema hi na yama. Kanuni hiyo haishiki daima: 花火, fataki, husomwa kwa sauti za Kijapani, hanabi, ambapo hi imegeuka bi. Kwa hiyo andika matamshi daftarini pamoja na neno zima, kamwe usiyaandike yakiwa pekee.

Kisha chunguza jinsi 火 inavyobadilika ndani ya kanji nyingine. Katika 焼, kuchoma, imebanwa kushoto. Katika 煮, kupika kwa kuchemsha, na 熱, joto kali, imekuwa nukta nne chini. Lakini nukta nne za 魚, samaki, hazihusiani na moto hata kidogo: zimetokana na mkia wake.

Unapoandika 火, anza na nukta ya kushoto, kisha ya kulia, ndipo uchore mistari miwili mirefu. Kwa 山, tangulia na mstari wa katikati. Baada ya hapo fungua kamusi kwenye kundi la 火, unakili 灰, majivu, na 煙, moshi, kila moja na neno linaloitumia.