Mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo: ninavyofanya mie muuza mahamri

Julai 2025 Waziri wa Fedha wa Kenya John Mbadi aliwaambia wabunge peupe: zile shilingi 22,244 ambazo serikali inapaswa kuzipelekea shule kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka haiziwezi, itatoa kama 16,900. Hazina imejifunga mkanda, lakini tumbo linalobanwa ni la huku kwetu Kisauni, Mombasa. Muhula uliofuata mwanangu wa kidato cha tatu alirudi saa nne asubuhi na begi lake.

Usimwache akae nyumbani. Mvalishe sare, muongozane kesho yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza mtoto kunyimwa masomo kwa kukosa ada. Itaje baada ya shikamoo, kwa upole. Ukiingia na makelele utaketishwa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Na usiende mikono mitupu. Mie nilikwenda na mia tano na karatasi niliyoandika: kila Ijumaa mia tatu. Karani alicheka, halafu akaipiga muhuri.

Sasa basari, yaani msaada wa karo, ndipo wengi wetu tunapokosea. Ziko mbili: ya NG-CDF, mfuko wa serikali kuu wa maendeleo, ni ya eneo bunge, nyingine ni ya kaunti. Jaza zote. Usingoje fomu zitoke ndio uanze kuhangaika. Weka tayari nakala za cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako, ripoti ya mwisho na orodha ya karo. Muhuri wa shule kwanza, kisha wa chifu, na kwa chifu rauka.

Pale wanapouliza hali ya nyumbani, usiandike "sisi ni maskini". Hata wenye magari huandika hivyo! Mie niliandika: "Nauza mahamri. Faida mia nne kwa siku, ikiwa hakuna mvua. Kodi ya nyumba elfu tatu na mia tano. Watoto wanne, baba yao hayuko."

Ukibahatika, cheki haiji mkononi mwako, huandikiwa shule. Baada ya wiki mbili nenda ukaulize imeingizwa kwa jina la nani. Yetu ilikaa muhula mzima kwa mtoto mwingine mwenye jina la baba kama la wangu, na mie huku nadaiwa.

Dai risiti, hata ya mia mbili. Zangu nimezitia kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, mbali na mafuta.