Jinsi ya kujua kama msuli wako, yaani usomaji wako, unalipa kabla UE (mtihani wa mwisho wa muhula chuoni) haijafika

Muhula ukikaribia kuisha, wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wananifuata na swali lilelile: "Dada, wewe ulikuwa unasomaje?" Wanachotaka ni ratiba. Wanategemea niwaambie niliamka saa tisa usiku, au nilikaa kwenye vimbweta, yale madawati ya nje ya kusomea, vya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) hadi mbu wakachoka wenyewe. Vimbweta nilikaa kweli, lakini habari hiyo haimsaidii mtu. Kuna waliokesha pale kila siku wakaondoka na sapu, yaani mtihani wa marudio, na kuna mwenzetu mmoja wa bwenini aliyekuwa analala saa nne usiku bila aibu, akazoa A. Ukitaka kujua unasoma vizuri au vibaya, usihesabu saa ulizokaa na desa, yaani noti za somo. Ijaribu njia yako mapema, wiki ya nne au ya tano, wakati bado kuna muda wa kuiacha.

Fanya hivi. Chagua mada moja yenye kurasa kama nane na uigawe katikati. Nusu ya kwanza isome kwa mtindo wako wa kawaida: kurudia, kupigia mistari, kunakili upya kwa mwandiko mzuri, vyovyote ulivyozoea. Nusu ya pili isome mara moja tu kwa utulivu, funga desa, chukua karatasi tupu uandike yote unayoyakumbuka. Fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu, funga, andika tena. Hakikisha nusu zote mbili zimekula muda sawa, usije ukaipendelea moja. Halafu usiziguse wiki nzima. Wiki ikiisha, andika zote mbili bila kuchungulia, kisha ujipe alama kama mwalimu mwenye roho mbaya.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walifanya jaribio la namna hiyo kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma habari fulani mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja, kisha likaandika kwa kumbukumbu mara tatu. Baada ya dakika tano tu, waliorudia kusoma walikuwa mbele: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, na walioandika walikumbuka 61. Kinachochekesha ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Ndiyo maana mtu anatoka maktaba anajiona kaiva, halafu kwenye chumba cha pepa anatazama dari.

Nikuonyeshe karatasi tupu inavyofanya kazi kwa somo nililosoma mimi, sheria ya mikataba. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinataja yanayofanya makubaliano yawe mkataba: ridhaa ya hiari, watu wenye uwezo kisheria, malipo halali, lengo halali, na yasiwe yametangazwa batili na sheria hiyo. Kukariri orodha hiyo hakuchukui hata nusu saa, na karibu darasa zima linaiweza. Sasa njoo kwenye swali lenyewe: kijana wa miaka 17 kachukua pikipiki kwa mkopo, kapiga bodaboda miezi mitatu, kisha kagoma kulipa. Mpe muuzaji ushauri. Hapo orodha peke yake haikufikishi popote. Inabidi uone kwamba tatizo liko kwenye uwezo, uende kifungu cha 11 kinachodai umri wa utu uzima, ukumbuke kesi ya Mohori Bibee v Dharmodas Ghose ya 1903, ambamo Baraza la Rufani la London lilisema mkataba wa mtoto ni batili tangu mwanzo, kisha urudi kwa yule muuzaji umwambie anaweza kufanya nini kuhusu pikipiki yake. Mwanafunzi aliyesoma desa mara nne anaandika kifungu cha 10 chote, vizuri kabisa, na anapata alama mbili kati ya kumi.

Kwa hiyo kabla hujachagua njia, nenda stesheneri ukatoe kopi za pepa za miaka iliyopita. Wengi wanazitafuta wiki ya mwisho ili wabahatishe maswali. Wewe zitumie mwanzoni, ujue mwalimu anauliza kwa namna gani. Akiuliza "taja na ueleze", kariri kwa karatasi tupu na kwa kadi zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Akileta visa kama cha bodaboda, tunga visa vyako na uvijibu. Kwenye uhasibu na takwimu, funika majibu ukokotoe mwenyewe hadi mwisho, maana kufuata kwa macho hesabu aliyoifanya mwingine kunaleta imani ya uongo kupita desa lolote. Anatomia ichore na uandike majina bila kutazama.

Kuhusu kurudia: Hermann Ebbinghaus, mtafiti wa kumbukumbu wa Ujerumani, alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Mimi mada mpya nilikuwa naiandika upya kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu. Kila mara dakika kumi zinatosha. Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa usiwaze kadi za dukani, kata boksi la viatu.

Kalamu za rangi zitumie ukipenda, mradi usizihesabu kama kusoma. Tathmini kubwa ya John Dunlosky na wenzake ya mwaka 2013 ilipima njia kumi za kusoma. Kupigia mistari na kurudia kusoma ziliwekwa kundi la chini. Kujipima na kutawanya vipindi vya kusoma kwa siku tofauti ndizo zilizopewa daraja la juu. Na habari ya "mimi naelewa kwa kusikia, yule kwa kuona" achana nayo. Watafiti walioipekua mwaka 2008 hawakukuta ushahidi wa kutosha wa kuitegemea darasani.

Diskasheni ina faida ikiendeshwa kwa ukali kidogo. Watu wanne, zaidi ya hapo ni kijiwe. Madesa yote yanafungwa, na anayeanza kueleza ubaoni ni yule anayejiona hajui, maana mkimwachia kipanga, yule mkali wa darasa, apige pindi (afundishe peke yake), nyinyi mtaitikia kwa vichwa tu na mtatoka mmeshiba maneno yake. Jambo moja vikundi vingi vinalisahau: tunabishana kwa Kiswahili, pepa inakuja kwa Kiingereza. Bishaneni kwa Kiswahili mpaka kila mtu aelewe, hilo ni zuri mno, lakini kabla hamjanyanyuka kila mmoja aandike aya moja ya Kiingereza kuhusu walichobishania, na jirani yake aisome. Nimeona watu wanaoelewa somo kuliko mimi wakiachia alama pale, wazo lipo kichwani na sentensi haitoki.

Usiku wa kuamkia pepa usifungue mada mpya. Andika vichwa vya mada zote kwenye ukurasa mmoja, chini ya kila kimoja mambo mawili matatu, angalia palipobaki wazi, soma hapo tu, halafu ulale. Kitambulisho na kalamu mbili ziwe mkobani tayari.

Ukitoka chumba cha pepa usikimbilie kulinganisha majibu na watu mlangoni. Kaa pembeni uandike maswali yaliyokushinda, na kando ya kila moja andika mada hiyo uliisomaje: ulirudia tu, ulijipima, au hukuigusa. Itunze karatasi hiyo. Muhula ujao utaanza ukijua njia ipi uiache, na kama somo limekukamata, ndiyo ratiba yako ya kusomea sapu.