Kusanidi U-Boot ili BeagleBone Black Itambuliwe kama Kifaa cha USB

BeagleBone Black ni kompyuta ndogo ya bodi moja, na U-Boot ni butiloda yake, yaani programu inayoandaa maunzi na kupakia kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) kabla mfumo huo haujaanza. Ikisanidiwa ipasavyo, huiwezesha bodi kujitambulisha kwa kompyuta kupitia kebo ya USB, nawe ukaandika upya hifadhi iliyochomelewa juu yake bila mfumo wowote kuwa umewaka.

Jambo la kwanza ni kutofautisha majukumu mawili ya USB. Mwenyeji huanzisha mawasiliano yote, nacho kifaa hujibu. Amri ya `usb start` huhusu jukumu la mwenyeji, kwa mfano unaposoma flashi diski, kwa hiyo kufanikiwa kwake hakuthibitishi kwamba bodi inaweza kuonekana kama kifaa. Kwenye BeagleBone Black majukumu haya yamegawanywa waziwazi: chipu ya AM335x ina vidhibiti viwili, USB0 kikiwa kwenye tundu la mini-USB na USB1 kwenye tundu kubwa. Hakikisha kwamba katika faili la maelezo ya maunzi (device tree) `usb0` ina `dr_mode = "peripheral"`, kwa sababu mstari huo ukikosekana au ukisema `host`, mipangilio mingine yote inaweza kuwa sahihi na kompyuta isione chochote.

Ndani ya folda ya msimbo wa U-Boot, anza kwa `make am335x_evm_defconfig`, kisha ufungue `make menuconfig`. Washa `CONFIG_USB_GADGET`, `CONFIG_DM_USB_GADGET` na `CONFIG_USB_MUSB_GADGET`. Hiki cha mwisho ndicho kiendeshi cha kidhibiti cha AM335x, na bodi yenye chipu nyingine huhitaji kingine, kama vile `CONFIG_USB_GADGET_DWC2_OTG`. Ongeza `CONFIG_USB_GADGET_DOWNLOAD`, kwa kuwa kazi za kuhamisha data huitegemea, halafu `CONFIG_CMD_USB_MASS_STORAGE` na `CONFIG_CMD_DFU`. Namba za utambulisho, `CONFIG_USB_GADGET_VENDOR_NUM` na `CONFIG_USB_GADGET_PRODUCT_NUM`, zinafaa kubaki zilivyo wakati wa majaribio, lakini bidhaa ya kuuzwa yapasa kuwa na namba zilizopatikana kihalali.

Kompaili kwa `make CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf-`, kisha unakili `MLO` (hatua ya kwanza ya butiloda) na `u-boot.img` kwenye sehemu ya FAT ya kadi ya microSD. Bonyeza kitufe cha S2 na ukishikilie unapoipa bodi umeme, ili iwake kutoka kwenye kadi hiyo. Kubonyeza kitufe cha kuanzisha upya hakutoshi, kwani chipu husoma chaguo la mahali pa kuwakia pale tu umeme unapoingia. Ili kuandika amri za U-Boot, utahitaji pia kebo ya siriali ya volti 3.3 kwenye pini za J1, kwa kasi ya 115200. Usitumie ya volti 5, kwa maana inaweza kuiharibu chipu.

Katika kidokezo cha U-Boot (mahali pa kuandikia amri) andika `ums 0 mmc 1`, amri inayoionyesha hifadhi ya bodi kwa kompyuta kama diski ya USB. Sifuri ni kidhibiti cha USB, na `mmc 1` ni eMMC, yaani ile hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi. Kompyuta ya Linux ikionyesha diski mpya kwa `lsblk`, kazi imekamilika. Ukimaliza kuandika, itoe diski kwa utaratibu wa kompyuta kwanza, ndipo ubonyeze Ctrl+C upande wa bodi, la sivyo data iliyobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta inaweza kupotea.

Kwa kazi ya kila siku napendelea DFU (Device Firmware Upgrade, njia ya kupeleka faili za programu kwenye kifaa kupitia USB), kwa sababu `ums` humkabidhi aliyeshika kebo diski nzima, ilhali DFU huonyesha tu yale uliyoyataja:

`setenv dfu_alt_info "MLO fat 1 1;u-boot.img fat 1 1"`
`dfu 0 mmc 1`

Mfano huu unadhani kwamba sehemu ya kwanza ya eMMC ni ya FAT. Kwenye kompyuta, `dfu-util -l` itaorodhesha majina hayo mawili, na `dfu-util -a u-boot.img -D u-boot.img` itapeleka faili.

Hifadhi mipangilio kwa `make savedefconfig`. Kwa bodi zitakazokwenda kwa wateja, andaa usanidi wa pili usio na `ums`, na uweke `CONFIG_BOOTDELAY=-2` ili U-Boot iendelee kuwasha mfumo bila kusubiri wala kukagua kama kuna kitufe kilichobonyezwa.